Meno ya Kupandia Mau

Sikuja kununua urembo, nilimwambia Nyambeki,
matairi yamepangwa hadi dari,
harufu ya mpira mpya ikinipanda puani
kama viatu vya shule mwezi wa Januari.
Nje, upepo wa Nakuru unaleta vumbi jeupe kutoka ziwani.

Bosi wake ananionyesha yale mapana,
herufi nyeupe ubavuni, yanang'aa:
"Haya, Daktari, gari litatembea kifua mbele."
Gari langu lina miaka ishirini na saba.
Kifua lilishasahau. Linatembea kwa magoti.

Nyambeki hacheki. Anachuchumaa,
anachomeka sarafu ya shilingi ishirini katikati ya meno
na sarafu yote inabaki nje, inamtazama.
"Hiki ni kipara," anasema.
"Umekuwa ukiendeshea imani."

Basi nikamsimulia.

Aprili, saa mbili usiku, simu ya Tabutany:
ndama ametanguliza mkia.
Nikaipita Njoro, nikaanza kupanda,
na mbingu ikafungua gunia.
Mvua ya mawe, mawe ya ukubwa wa kunde, kisha ya njugu,
hadi barabara ya Mau Narok ikawa nyeupe
kama sakafu ya kinu cha posho.
Nikaingiza gia ya magurudumu manne, nikajivuna.
Manne yakazunguka. Hata moja halikushika.
Sifuri mara nne, mwalimu wangu wa hesabu angenicheka.
Gari likaanza kurudi nyuma
taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeaga,
likajilaza mtaroni.

Nilitembea kilomita mbili, mkoba kichwani.
Nilipofika, Tabutany alikuwa amemfunika ng'ombe wake kwa gunia,
uso na yote.
Hakunilaumu. Alinimiminia chai.
Hadi leo natamani angelaumu.

Nyambeki anafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.
"Mawe yalikuwa juu ya lami, au juu ya matope?"
Lami kwanza, kisha matope.
Anaingia ndani, anarudi akiviringisha tairi jembamba,
halina sura, halina herufi za kujivunia.
"Lile pana linaelea. Hili linakata,
linashuka mpaka likutane na udongo unaojua kushika."
Anabonyeza meno kwa kidole gumba: yanaitika.
"Baridi ikija, mengine hugeuka ukuni. Hili hapana.
Na hii mikato midogo, unaiona? Kama chanjo.
Hii ndiyo inauma barafu."
Ananisomea tarakimu nne ubavuni:
wiki ya kumi na moja, mwaka jana.
"Tairi huzeeka hata likilala."

Nikahesabu pesa. Pesa za mabati ya jikoni.
Nipe mawili, nikasema, ya mbele.
"Halafu kwenye kona," akasema,
"nyuma itataka kuwa mbele."
Bosi akakohoa. Nikatoa za mabati zote.

Alipomaliza kukaza nati ya mwisho
alipunguza upepo kidogo, akapiga tairi teke moja,
akaniambia kitu ambacho bosi hakupenda kusikia:
"Haya yatakupandisha. Kusimama ni juu yako.
Ukiona nyeupe, punguza mwendo kabla hujaogopa."

Sasa narudi kupitia Njoro, matairi yakivuma wimbo mpya wa nyuki.
Mawingu yamejibanza juu ya Mau, hayajaamua.
Mtamba wa Tabutany ana mimba ya miezi minane
na simu yangu iko kwenye kiti cha abiria, uso juu.
Kipara kimoja nimekibeba nyuma.
Nitamuuliza kama kinafaa kuwa hori.