Skrubu Nne

Juneau haina barabara ya kuingilia.
Unakuja kwa ndege au kwa feri,
na mvua inakuja yenyewe, haiombi kura ya mtu.

Mimi ni fundi wa jengo la Bunge, ghorofa ya pili.
Mabomba, balbu, madirisha yanayogoma,
na kibao cha shaba kwenye mlango wa Spika:
skrubu nne, bisibisi moja, dakika sita.
Mwaka ule nilikifunga na kukifungua
hadi kiganja kikaota sugu.

Novemba walihesabu. Viti arobaini.
Ishirini huku, kumi na tisa kule,
na kiti kimoja cha vijiji vya mtoni
kura zake zimetoshana:
mia nane na tatu, mia nane na tatu.
Wakarusha sarafu.
Ndipo nikaelewa kwa nini kura *hupigwa*.
Neno lilijua tangu zamani kwamba ni ndugu wa bahati nasibu,
lilinyamaza tu kwa adabu.
Ikaanguka upande wa tai. Bwana Kashatok akawa mbunge
kwa ubawa wa ndege,
na nyumba ikasimama ishirini kwa ishirini.

Penye wengi hapaharibiki neno, tuliambiwa.
Aliyetuambia hakuwahi kuona wengi waliogawanyika sawasawa.

Kwetu Tanga mseto ni mchele na choroko.
Mama aliupika kwa tui zito, akikoroga,
mpaka punje zisahau zilitoka gunia gani.
Hapa mseto ni watu ishirini na mmoja,
kila mmoja na sahani yake,
na kifuniko, na kufuli.

Wa kwanza ulidumu siku kumi na tisa.
Bi Tveit hajazoea hata kiti,
Skaggs, aliyeahidiwa kamati ya fedha
akapewa ya samaki,
akainuka akavuka ukumbi.
Ni hatua kumi na nne. Nilizipima usiku, nikipiga deki.

Wa pili uliuawa na hundi ya mafuta,
ile ya kila mkazi, kila mwaka:
hawa wanaitaka nene, hawa wanaitaka nyembamba,
na mmoja, sikumbuki jina, nakumbuka tai yake ya kijani,
hakutaka lolote ila aombwe.

Wa tatu ulizaliwa usiku wa Ijumaa.
Nikaamshwa. Delfin, mlinzi, akanifungulia.
"Nani leo?"
Nikamwonyesha kibao.
"Huyu," akasema, "koti lake halitakauka."
Jumatatu nilikuwa mlangoni tena, na bisibisi.

Katikati ya haya hapakuwa na bajeti.
Feri ya Alhamisi ikafutwa.
Barua za onyo zikafika shuleni;
mwalimu wa hesabu wa binti yangu
akafunga masanduku, akafungua,
akafunga, akaacha moja wazi sebuleni
lenye sufuria na kamusi.
Binti akaniuliza: "Baba, si unafanya kazi hukohuko?
Waambie."
Nikamwambia mimi ni mtu wa mlango.

Lakini nilikuwa nimepiga kura, ya kwanza tangu niape uraia.
Sitasema kwa nani.
Jina lake nimelifunga mara moja, nimeling'oa mara moja,
na mara zote mbili nilitazama sakafu.

Aprili skrubu zikakataa kushika.
Matundu yalikuwa yamelegea, yanazunguka bure,
ubao umechoka kuamini.
Nikavunja njiti za kiberiti, nikazisokomeza na gundi,
nikarudisha skrubu taratibu, moja moja.
Spika wa nne alikuwa nyuma yangu, mwavuli unachuruzika.
"Kitashika?"
"Kisiguswe mpaka kesho," nikasema. "Gundi ikauke."
Akatazama ukumbi, mwanzo hadi mwisho,
milango yote ikiwa nusu wazi.
"Kesho," akasema,
kama mtu anayeomba mkopo.