I fupi

Darasa letu liko Birere, nyuma ya kinu cha mahindi.
Chini ya sakafu kuna darasa jingine,
ubao na madawati yake,
lava imeyakalia.
Saa kumi na mbili jioni, umeme ukipenda kuja,
mwalimu Habamungu anaandika maneno mawili:
live
leave
Someni, anasema.
Tunasoma neno moja mara mbili.

Anacheka. Mimi sicheki.
Mwaka ule wa majivu, kwenye uwanja wa mahema,
kijana mwenye kizibao na kalamu
aliniuliza kama bado naishi Goma.
Jibu nilikuwa nalo, nimelinunua
kwa faranga mia tano kila somo.
Nikaivuta ile irabu kwa heshima,
kama mtu anayemwitikia mkwe.
Akaandika: anaondoka.
Akapiga mstari juu ya Kavugho Mwengeshali,
watoto wanne, turubai moja.
Waliokuwa nyuma yangu wakasogea mbele.

Niliondoka kweli, siku mbili, hadi Sake.
Kisha nikarudi.
Kwenye karatasi yake hapakuwa na mahali pa kurudi.

Mwalimu, nasema, sikio langu halina tundu la sauti hiyo.
Anaweka chaki chini.
Kavugho, kufa na kufaa, unavichanganya?
Hapana.
Nani alikufundisha?

Kinu kinasaga, ukuta wa mbao unatetemeka.
Namkumbuka mama akiuza koti la marehemu baba,
na viatu, na mkanda uliochakaa tundu la tatu,
akimwambia mnunuzi, kufa kufaana;
nami mlangoni nikasikia
a moja ikianguka,
a mbili zikibaki kusimama.

Basi ndivyo hivyo, anasema mwalimu.
Kuondoka, irabu ni ndefu, kama barabara ya Sake.
Kuishi ni kufupi, mkate usiuvute.
Mama Riziki wa dawati la mbele anabisha:
kwangu mimi kuishi ndiko kurefu,
kuondoka nilipewa dakika tano.
Mwalimu hana jibu. Anafuta ubao
kwa kiganja, kisha kwa shati.

Njiani naifanyia mazoezi ile fupi,
naikata kwa meno kama uzi,
jiwe hadi jiwe, mpaka mlangoni.
Mdogo wangu wa mwisho hajalala.
Mama, uko unahesabu nini?
Lala, namwambia. Tuko tunakaa hapa.
Juu ya mlima wingu ni jekundu
kama kaa.