Unyayo wa Sabaki

Jumanne ndiyo siku yangu isiyo na zamu.
Nilifua sare, nikaianika, nikawaambia watoto wa kaka:
vaeni viatu vya kuchafuka, leo twaenda kumwona kiboko.

Yeri alichukua daftari la hesabu,
akapiga mstari katikati ya ukurasa:
TULIOWAONA upande huu, WALIOTUONA upande ule.
Mbeyu alichukua kijiko. Hakusema cha nini.

Tuktuk ilitushusha kabla ya daraja, shilingi mia tatu,
dereva akicheka: "Kiboko? Napita hapa kila siku,
sijaona hata mkia."
Nilinyamaza. Miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Malindi,
na mto huu kwangu ni kama jirani wa nyumba ya nyuma:
kikohozi chake wakijua, jina lake hulijui.

Tukashika njia ya ng'ombe, miiba ikitudai nguo.
Maji mekundu, mazito,
chai ya maziwa iliyosahauliwa jikoni.
Udongo ule si wetu; ni mashamba ya watu wa bara
yanahamia baharini bila kuaga.

Fondo, mlinzi wa ndege kwa posho isiyofika mapema,
alitungoja na darubini ya jicho moja;
la pili lina ufa.
"Semeni polepole," akasema. "Hapa wageni ni sisi."

Heroe walikuwa mbali, mstari wa waridi,
kama leso iliyoanikwa penye upepo:
ukipepesa jicho, pindo limehama.
Yeri aliandika: heroe, mia mbili na kitu.
"Na kitu ndiyo ngapi?" Fondo akamwuliza.
Akaanza upya. Alipofika sitini, wakaruka.
Akafuta, akasonya kama bibi yake.

Kaa walichungulia mashimoni, macho juu ya vijiti,
wakatutazama, wakarudi ndani kusimulia.
Mwari mmoja akatua, mkoba wake mdomoni,
karani aliyechelewa kazini na wala hana haraka.
"Shikamoo," Mbeyu akamwamkia.
Akasimama pale, kwa adabu, akingoja marahaba.

Na kiboko?

Tulikula mahamri na mbaazi za jana.
Tulikaa hadi vivuli vyetu vikageuka vikatazama baharini.
Mara moja tu mto ulipumua, pfuu, nyuma ya matete,
sote tukasimama.
Matete yakatikisika.
Yakatulia.
Basi.

"Mia tatu kuja, mia tatu kurudi," alisema Yeri,
"kwa ajili ya pumzi."
Mimi ninayekesha wodi ya watoto
nilitaka kumwambia pumzi moja ni bei gani.
Sikumwambia. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko.

Ni Mbeyu aliyeuona, ukingoni, topeni:
unyayo, vidole vinne, mpana kama sahani ya pilau,
umejaa maji, na ndani ya maji viluwiluwi
wakizunguka nyumba yao ya siku mbili tatu,
hawamjui aliyewajengea.
Akaingiza kandambili yake. Ikaenea,
ikabaki nafasi ya nyingine, na ya nyingine kwa ubavu.
Kisha akatoa kile kijiko.
Akachota maji ya mto, akamimina,
akachota, akamimina,
maana jua lilikuwa linayanywa.

Hakuna aliyemharakisha.
Hata dereva, aliporudi kutuchukua, alizima injini,
akashuka, akachuchumaa.

Kesho yake, nikipiga pasi, nililifungua daftari.
TULIOWAONA: heroe (wengi), kaa, mwari 1, viluwiluwi 19.
WALIOTUONA: kiboko.
Na kando ya neno hilo, kwa kalamu ya Yeri ila si mkono wake,
mduara wenye vidole vinne, umechorwa kwa nguvu
mpaka karatasi imetoboka.

Jikoni kijiko kimoja kimepungua.
Wifi yangu ameuliza mara mbili.