Mia Mbili Juu ya Mtutu

Kwanza, risasi hazipo.
Zimelala ghalani nyuma ya kufuli mbili,
na funguo zinaning'inia kiunoni mwa Sajini Oyirwoth,
anayetembea akilia kama mbuzi wa kengele.
Magazini nimeichomoa, nimeiweka juu ya jiwe, nyuma yangu.
Chemba nimeifungua, nimechungulia,
nimetia kidole cha mwisho, kimetoka na mafuta tu.
"Tazama tena."
Nimetazama, afande.
"Tena. Bunduki iliyoua jirani
siku zote ilikuwa tupu."

Nalala kifudifudi katika vumbi la Katunguru.
Mbele yangu kichuguu, kirefu kuniliko, kinene kuliko nyumba yetu,
na kifuani pake doa la makaa
dogo kama jicho la kuku.

Niseme kilichonileta hapa.
Jumatatu tulipewa risasi tano tano, za kuhesabiwa kama chumvi ya mkopo.
Zangu Sajini alizijaza mwenyewe, amenipa mgongo;
kumbe ya tatu ni ganda, haina baruti.
Nikavuta. Kimya.
Lakini mtutu ulipiga mbizi kama bata,
macho yakafumba, bega likaruka
kumkwepa mtu ambaye hakuja.
Makuruta wote waliona.
Ainebyona alicheka hadi kofia ikamdondoka.
"Biira," Sajini akasema, wala hakupaza sauti,
"wewe hulengi. Wewe unagombana na kelele."

Kweli tupu.
Mimi ni mtoto wa chini ya Rwenzori, wa ile miaka
mama alipotufundisha kujitupa sakafuni kwanza,
kuuliza baadaye.
Mwili una daftari lake.
Hauniombi ruhusa kulifungua.

Ndiyo maana jioni, nusu saa kabla ya kurudisha silaha,
nafunzwa upya, bila mlio.
Ainebyona, yuleyule wa kucheka,
anakuja kwa ubavuni, kamwe si kwa mbele,
na juu ya mtutu analaza sarafu ya mia mbili,
samaki akiangalia mbingu.
Vuta pumzi. Toa nusu. Bakia hapo.
Kijiti cha kulengea kikae wazi, doa liwe ukungu;
jicho haliwezi kuwa na wapenzi wawili.
Kidole kirudi nyuma polepole
kama mtu anayechomoa uzi kitambaani
asitake kitambaa kijikunje.
Tak.

Samaki chini, vumbini.

Koki. Sarafu. Pumzi.
Tak. Chini.
Tak. Chini, tena amebiringika hadi kwenye majani
tukamtafuta kwa magoti, tukitukanana kwa upole.
Tak.
Siku ya nne kiwiko kimechubuka.
Siku ya sita naota kidole, kidole peke yake,
kinatembea ukingoni mwa mfereji wa Kazinga.
Siku ya saba sikutaka kuja. Nilikuja.
Mara ishirini, si zaidi; Sajini anasema mkono uliochoka
unajifunza uchovu.

Siku ya kumi na moja, kiboko wa kwanza alikuwa ameshatoka majini,
tunamsikia aking'oa nyasi nyuma ya jiko,
taratibu, kama mtu anayechana shuka kuukuu.
Nilikuwa namfikiria yeye, kusema kweli.
Tak.

Samaki amelala palepale,
hata jicho hakupepesa.
Mimi pia sikupepesa.
Ainebyona akafungua kinywa, akakosa la kusema.
Sajini akaja, kwa ubavuni, akaitwaa sarafu,
akaitia mfukoni: "Hii ni ada."
Baadaye nikamwona kantini ameshika kabalagala,
anakata kwa kidole gumba, kipande kikubwa
akaniwekea juu ya kofia yangu, bila neno.

Ijumaa watatupa za kweli.
Kidole kinajua. Jicho linajua.
Bega bado sijaliambia.