Hodi, Makorora

Mwalimu Semkiwa alichora utando ubaoni
kwa chaki iliyobaki kama kucha:
safu mbili za mafuta,
vichwa vikitazama maji, mikia imefichana katikati.
Alisema kwa lugha ya mtihani.
Nikakariri. Nikapata thelathini na moja.

Miaka kumi na tisa baadaye, Makorora,
masika imekwisha kuchanganya visima na vyoo,
umeme hakuna, njia ya Bombo imejaa maji,
bodaboda amesema subirini kwanza,
na Mwanasiti wa dada yangu, miaka minne,
anatoka maji ya kuoshea mchele.
Nafinya ngozi ya tumbo lake:
inabaki imesimama, kama kitambaa.

Ndipo somo likanijia, kwa Kiswahili.

Seli nayo ni nyumba ya pwani.
Mgeni havamii, hubisha.
Homoni husimama barazani na kusema hodi;
aliye mlangoni humwambia mtoto,
mtoto humwambia dada, dada humwambia mama,
jiko likawashwa, maji yakachotwa,
na aliyebisha hajavuka hata kizingiti.
Karibu husemwa, kisha mdomo hufungwa.

Huyu wa kisimani hana adabu.
Alipenya kwa mlango wa uani,
akamshika yule mwenye kuitikia,
akamkwamisha ulimi kwenye neno moja:
karibu karibu karibu karibu
usiku kucha, na barazani hakuna mtu.
Nyumba ikatii. Ikafungua mifereji,
chumvi ikatoka,
na maji, ambayo hayana uamuzi wao,
yakaifuata chumvi
mpaka kwenye ndoo ya bluu ya Somoe.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tulifunzwa.
Huyu alilitwaa jembe usiku wa kwanza
akavunjia mtungi.

"Mpe maji," Somoe analia, "mpe maji tu."
Maji matupu, dada, hayana mwenyeji kule ndani.
Lete sukari. Lete chumvi.
Lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa,
vijiko sita vya chai vya sukari, usivirundike,
chumvi nusu kijiko.
"Sukari? Kwa mtoto anayeharisha?"

Kuna mlango mmoja mgeni yule hakuugusa.
Haumfungulii sukari akija peke yake:
bibi harusi haingii bila kungwi.
Chumvi akimshika mkono, mlango hugeuka,
wote wawili wako ndani,
na maji, kama kawaida yao, nyuma ya chumvi.
Upande wa pili yuko hamali asiyelala:
chumvi tatu nje, potasiamu mbili ndani,
na ujira wake anaudai papo hapo.
Yeye ndiye anayeiweka nyumba na njaa ya chumvi,
ndiyo maana mlango ule una haja ya kugeuka.

Sikumweleza Somoe haya yote.
Nilisema: kijiko. Hesabu hadi sitini. Kijiko.

Akatapika. Tukangoja dakika kumi.
Kijiko.
Mshumaa ulikwisha, tukawasha tochi ya simu,
simu nayo ikazima,
tukawa tunautafuta mdomo wake kwa kidole.
Sijui vijiko vingapi. Somoe anasema mia tatu,
lakini Somoe hata nauli huwa anaongeza.

Baiskeli ya muuza mkate ilipopita, kengele yake ikilia,
Mwanasiti alikuwa amelala upande,
na mkeka chini yake ulikuwa na joto.
Nikaugusa. Nikanusa mkono.
Mkojo, wa njano, mkali, mkojo wa mtu mzima kabisa wa afya.

Somoe akapiga kigelegele.
Kigelegele cha arusi, alfajiri, kwa ajili ya mkeka uliolowa.

Kidogo tu, mlango ukagongwa.
"Hodi! Kuna arusi humu, wala hatukualikwa?"
Bi Mwanakheri wa nyumba ya pili,
khanga kichwani, miguu mitupu kwenye tope.

Somoe akafuta macho.
"Karibu," akasema.
Mara moja tu.