Shina Usitupe

Uliniuliza kwa simu, Somoe, brokoli inapikwaje,
salio likakatika kabla sijasema "kwanza".
Basi nakuandikia mgongoni mwa bahasha ya benki.
Kesho nitampa kondakta wa basi la Newala.
Hilo doa ni mafuta, uniwie radhi, napika huku naandika.

Kwanza, usiiogope.
Siku ile naileta Chikongola niliificha chini ya kitenge
utadhani nimeiba. Sikuiba.
Kambi ya watu wa gesi ilikuwa inafungwa,
wageni wameshapanda ndege,
mpishi mkuu akafungua friji akasema, gawaneni.
Wenzangu wakabeba kuku, siagi, jibini.
Mimi nilikuwa bado nasugua masufuria.
Ikabaki hiyo.

Mama aliigeuzageuza mlangoni, penye mwanga.
"Mkorosho," akasema. "Mkorosho wa watoto wa majini.
Nani kaukata?"
Na kweli, itazame: kichwa kipana, kivuli kizito,
shina fupi nene.
Ungemweka mtu wa kimo cha njugu chini yake
aokote mabibo.

Haya. Loweka kwenye maji ya chumvi,
wadudu watoke wenyewe bila ugomvi.
Maji hayo usiyamwage, najua huko kwenu ndoo ni pesa,
yatasuuza vyombo.
Kisha chambua vishada, vidogo, vya kuingia mdomoni mara moja.

Kule kambini tuliichemsha tu,
tukaiweka pembeni mwa samaki,
ikakaa pale kijani, kimya,
mgeni asiyejua lugha ya mezani.
Nusu ilirudi jikoni na sahani.
Na shina halikufika hata mezani. Mpishi alilikata, tup!, pipani,
miaka minne,
na mbeba pipa nilikuwa mimi.

Mama hakuniuliza kitu.
Alichukua kisu kile chenye mpini wa kamba
akalimenya shina anavyomenya muhogo,
ganda likashuka refu, ndani kukawa kweupe, kumelowa.
Akakata kipande, akakitafuna kibichi.
Akanyamaza.
Akanikatia changu.

Tamu, Somoe. Sijui nikwambieje,
tango lililooa muhogo.
"Na hiki ndicho mlichokuwa mnatupa?"
Niliangalia moto.

Kwa hiyo shina litangulie sufuriani.
Kitunguu, nyanya moja, manjano ya ncha ya kijiko,
tui la pili, lichemke hadi kijiti kipenye.
Korosho chukua zile vipande, za bei ya chini, zisizopanda meli,
zitwange, ila zisiwe unga, ziache na meno.
Koroga upande mmoja.
Vishada viingie mwisho kabisa, pamoja na tui zito.
Funika, soma Alhamdu mara tatu bila kukimbia, epua.
Ukizubaa itanuka yai viza
na mumeo atakuwa na neno la kusema mwezi mzima.

Ugali wa muhogo unatosha. Ndimu, kama ipo.

Jioni ile tulikuwa watu saba na kichwa kimoja.
Mjomba Mchopa, asiyekula majani kwa kuwa yeye si mbuzi,
alifuta bakuli kwa kidole
halafu akakitazama kidole.
Hakuna aliyeniuliza kazi imeishaje,
wala kesho nitaamkia wapi.
Waligombea mchuzi, wakagombea tena ukoko,
na mimi nikacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Siku hizi lori la Iringa likishusha sokoni
Bi Nambunga hupanga brokoli zake juu ya gunia,
kichwa elfu mbili,
mashina anayakata, anasema wateja hawayapendi.
Mimi nayaomba. Ananifungia bure kwenye gazeti,
ananitazama kwa huruma, maskini, kazi ilimwisha.

Sijamwambia.
Na wewe ukija mjini, Somoe,
funga mdomo.