Tatu na Mbili

Mama Kabedi amezitandaza juu ya kitenge,
kando ya sahani ya bukari iliyofunikwa
na rundo la risiti za hospitali.
"Kamata moya," anasema. "Ingine tutauzisha.
Minervali ya Ngosa haitungojei."
Akaingia jikoni, akaniacha na macho mawili ya kioo
yasiyopepesa.

Hii M-tatu, ile M-mbili.
Tatu ilizaliwa kabla ya Mbili;
usiniulize hesabu ya Wajerumani.

Naanza na Tatu. Nzito, baridi,
mkono wake huvutwa mara mbili, kra, kra,
kama mgeni apigaye hodi kwa adabu.
Kioo chake ni kikubwa hata naacha macho yote wazi:
la kulia limo ndani, la kushoto liko barabarani,
na fremu inaelea juu ya Kamalondo,
juu ya muuza makaa na baiskeli yake,
dirisha lisilo na nyumba.
Ndiyo aliyopigia harusi.
Ukimtaka mtu, inakuletea mtu:
kope, pete, jasho chini ya pua ya bwana arusi.

Mbili imechubuka pembeni,
shaba njano inachungulia,
na mjini kwetu shaba haimshangazi mtu.
Kioo chake kinarudi hatua moja nyuma:
mtu anaingia pamoja na ukuta wake,
mtoto pamoja na kile anachokikimbia.
Mzee Chansa alitoka nayo alfajiri
kuwapiga wanaorudi zamu ya usiku,
na nyuma yao bomba refu la kiwanda,
na ule mlima mweusi wa taka za madini.
Picha ambazo hakuna aliyezilipia.

Zote, katikati, zina kile kiraka cha mwanga
ambamo kitu kimoja huonekana viwili.
Unazungusha pete polepole
mpaka pacha aingie ndani ya pacha mwenziwe.
Alinifundisha hivyo mwaka ule wa mvua nyingi:
"Usipige kabla hawajapatana."
Nimezungusha asubuhi nzima.
Hawapatani.

Nafanya ujanja, natafuta ubovu.
Tatu: sekunde yake moja imekuwa ndefu, inakoroma.
Mbili: ukungu kidogo kwenye kioo, kama pumzi ya mtu.
Mnunuzi wa mtaa wa Golf amesema bei ni ileile,
yoyote, ilimradi ing'ae kabatini mwake.
Kabatini!

Basi natazama vihesabio.
Cha Tatu, ukitoa filamu, hurudi mwanzo chenyewe
bila kuambiwa, kimesamehe kila kitu.
Cha Mbili hakijirudishi. Chataka kidole chako.
Kimesimama kumi na saba.

Nafungua. Hamna filamu, ni vumbi tu jekundu
na unywele mmoja mweupe.
Aliitoa akasahau kurudisha,
au mkono ulishachoka, ile Juni.
Picha kumi na saba. Sijui ziko wapi.
Pengine kwenye kopo la maziwa, pengine kwa fundi,
pengine mojawapo ni mimi
nikisinzia mlangoni pa studio.

Mama Kabedi anatoka na chai.
"Ee? Umechagua?"
Naifunika Tatu kwa pindo la kitenge,
taratibu, kama inayeweza kusikia.
Hiyo itamfikisha Ngosa mtihani wa mwisho, Mungu akipenda.
"Nakamata hii."
"Ile ya kuchubuka?" Anacheka,
mara ya kwanza tangu msiba, kisha anakumbuka, ananyamaza.
"Ile haikutuletea hata sukari."

Najua, Mama.

Kesho alfajiri nitaweka filamu
na sitakigusa kile kihesabio.
Nitaanzia kumi na nane.
Hesabu ikiniharibikia njiani, basi.